Tusisubiri Tathmini ya Kati

Kabla sijaja huku kusoma, nilifanya kazi miaka miwili katika mradi mmoja wa afya ya watoto kusini mwa Tanzania. Kazi yangu ilikuwa kusimamia takwimu. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii walipewa vishikwambi, wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kupima watoto uzito, na kila jioni takwimu zao zilinifikia mezani. Wiki ya pili tu, mhudumu mmoja, mama wa makamo mwenye uzoefu kuliko sisi sote pale ofisini, alinipigia simu.

"Mwanangu," akaniambia, "hiki kishikwambi chenu kinanifanya niseme uongo."

Ukilitazama kutoka ofisini, tatizo lake lilikuwa dogo. Programu ilikuwa haikubali kwenda ukurasa wa pili mpaka ujaze tarehe kamili ya kuzaliwa mtoto: siku, mwezi na mwaka. Watoto wenye kadi ya kliniki hawakuwa na shida. Lakini walikuwapo waliolelewa na bibi zao, kadi imebaki kwa mama mjini au imelowa mvua ikachanika, na bibi anachojua ni kwamba mjukuu alizaliwa wakati wa kuvuna ufuta. Mhudumu afanyeje? Akawa anaandika tarehe mosi Januari. Programu ikaridhika, ikahesabu miezi, ikailinganisha na uzito. Mtoto wa miezi sita akawa wa miezi kumi na moja, na kioo kikawaka rangi nyekundu: utapiamlo, apelekwe kituo cha afya.

Bibi akatembea na mjukuu mgongoni mpaka kituoni, akaambiwa mtoto mzima. Wiki iliyofuata akaenda jirani yake, naye akarudishwa. Mara ya tatu hakwenda mtu. Yule mhudumu, aliyezaliwa kijiji hicho hicho, akaanza kuitwa mama wa mashine inayodanganya.

Nilimjibu nini siku ile aliponipigia? Nilimwambia kwamba ameongea jambo la maana, nimeliandika, na litashughulikiwa kwenye tathmini ya kati. Tathmini ya kati ilikuwa baada ya miezi 14. Na sikuwa namdanganya. Dodoso lilikwisha kuidhinishwa, programu ilikwisha kulipiwa kwa toleo moja, na mimi sikuwa na mamlaka ya kubadilisha hata swali moja. Tathmini ilipofika, ripoti ikaandika kwamba "mwitikio wa jamii kuhusu rufaa bado ni mdogo". Ufuta haukutajwa popote.

Nimelikumbuka jambo hili muhula huu kwa sababu kuna neno limehama kutoka madarasa ya kompyuta na kuingia madarasa yetu ya afya ya jamii. Wenzetu wa kompyuta wanaita ajaili. Mimi nitaliita wepesi, kwa maana ile tunayosema mtu fulani ni mwepesi: anaona shimo, anageuza mguu kabla hajatumbukia. Sasa tunaambiwa kwamba programu za afya, na utafiti unaozifuatilia, nazo zifuate wepesi huo. Nakubaliana na hoja hiyo, lakini si kwa sababu zinazotolewa sana, na nina hofu tutaiga kilicho rahisi kuiga tukaacha chenye manufaa.

Tuanze na chimbuko. Mwezi Februari 2001, watengenezaji programu 17 walikutana Snowbird, kwenye milima ya jimbo la Utah nchini Marekani. Walikuwa wamechoshwa na miradi inayopangwa miaka mbele kwa makabrasha mazito, ikajengwa kama ilivyoandikwa, kisha ikakabidhiwa kwa mteja ambaye mahitaji yake yalishabadilika zamani. Wakatoa ilani fupi yenye mambo manne: watu na mawasiliano yao kuliko taratibu na zana, programu inayofanya kazi kuliko makabrasha, kushirikiana na mteja kuliko kuvutana juu ya mkataba, kuitikia mabadiliko kuliko kufuata mpango. Wakaongeza maneno ambayo wengi huyaruka: kwamba hata yale ya upande wa pili yana thamani, ila wao wanayathamini zaidi haya ya kwanza. Hawakusema mpango ni upuuzi.

Kwa vitendo, kazi inakatwa vipande vifupi, mara nyingi vya wiki mbili mpaka nne. Kila kipande kikiisha, mtumiaji anakionja, anasema kimemfaa au hakikumfaa, na kipande kinachofuata kinapangwa kwa majibu yake.

Utafiti wa utekelezaji nao una historia yake. Hauulizi kama dawa inatibu; hilo huwa limekwisha kujibiwa. Unauliza kwa nini dawa inayotibu haimfikii mgonjwa, au ikimfikia haitumii. Kwa hiyo maabara yake ni zahanati, foleni, duka la dawa, barabara ya mvua na mkutano wa kijiji. Vitu hivi havitulii vikasubiri mtafiti amalize miaka mitatu. Ndiyo maana nasema utafiti huu unahitaji wepesi kuliko utafiti mwingine wowote, na ndiyo maana inasikitisha kuuona ukiendeshwa kama mradi wa kujenga daraja: mchoro umepitishwa, zege limwagwe.

Nitoe mfano ambao wasomaji kutoka Tanzania wataukumbuka, maana wengine tulilala ndani yake: chandarua.

Katika miaka ya 1990, majaribio yaliyofanyika Gambia, Ghana na Kilifi nchini Kenya yalionyesha kwamba chandarua kilichotiwa dawa kinapunguza vifo vya watoto wadogo. Swali la kitabibu likawa limejibiwa. Lililobaki ni la utekelezaji: kitafikaje kitandani? Watafiti wa Ifakara walilianza swali hilo mapema katika wilaya za Kilombero na Ulanga, wakiuza vyandarua na dawa yake kwa jina la Zuia Mbu. Kisha mwaka 2004 ikaanza Hati Punguzo. Mama mjamzito akifika kliniki anapewa hati, anaipeleka duka la jirani, anaongeza fedha kidogo, anaondoka na chandarua. Mwenye duka anapata biashara, serikali haiwi na ghala la kutunza, mama anapata kinga.

Uzuri wa mpango ule ni kwamba ulifuatiliwa. Watafiti walirudi nyumbani kwa akina mama, madukani na kliniki, mwaka baada ya mwaka. Na mpango ukabadilika kweli. Mwishoni mwa 2006 watoto wachanga nao wakaanza kupewa hati yao. Mwaka 2009 chandarua cha kuchovywa dawa tena na tena kikapisha chandarua chenye dawa ya kudumu, na fedha ya kuongeza dukani ikawekwa Sh 500 tu popote uendapo. Zikafuata kampeni za kugawa bure kwa watoto chini ya miaka mitano, halafu kwa kila kaya. Mwaka 2013 vyandarua vikaanza kupitia shule za Lindi, Mtwara na Ruvuma, na mwaka 2014 Hati Punguzo ikafikia mwisho wake. Baadaye vikaanza kutolewa bure palepale kliniki, bila hati wala duka.

Ukiisoma historia hiyo kwa mkupuo mmoja, utasema huu ndio wepesi wenyewe: jaribu, tazama, rekebisha. Lakini hesabu miaka. Kikwazo cha fedha ya kuongeza kilikuwa wazi kwa yeyote aliyesimama dukani: maskini zaidi ndiye aliyeshindwa kuitumia hati yake. Kutoka 2004 hadi 2009 ni miaka mitano. Mimba iliyopewa hati ya kwanza ilishazaa mtoto, mtoto akatembea, akazungumza, akakaribia kuanza shule.

Sisemi hivyo kuwalaumu waliofanya kazi ile. Ni miongoni mwa kazi bora tulizonazo. Najua pia kwamba kushusha bei hakukuwa suala la kujua tu. Kulihitaji fedha za wafadhili, kiwanda cha kutengeneza chandarua cha aina nyingine, na mikataba mipya. Na hapo ndipo hoja yangu ilipo. Taarifa zilikuwapo, na zilikuwa nzuri. Kilichochelewa ni mamlaka na fedha ya kuzifanyia kazi. Aliyeona tatizo alikuwa muuguzi wa kliniki na mwenye duka. Aliyeweza kulitatua alikuwa mbali nao ngazi nne au tano.

Kwa hiyo tunapoiga wepesi wa watu wa kompyuta, tuwe makini tunaiga nini. Nimeona maandiko ya miradi yanayojiita ya kiwepesi. Yana ubao wenye karatasi za rangi, yana kikao cha dakika 15 kila asubuhi, yana cheo kipya cha mtu wa kusimamia vikao. Ukiuliza kama muuguzi akisema siku ya chanjo inagongana na siku ya gulio, nani anaweza kuihamisha na lini, jibu linakuwa kwamba litapelekwa makao makuu. Huo si wepesi. Ni urasimu ule ule uliovaa fulana. Kipimo changu ni kimoja: siku ngapi zinapita kati ya mtu wa chini kusema "hiki hakifanyi kazi" na mtu huyo kuona kimebadilika, au kuambiwa kwa sababu gani hakitabadilika? Katika mradi wangu zilikuwa zaidi ya siku 400.

Tena tusijidanganye kwamba fikra hii ni ngeni kwetu. Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza mwaka 2007 kutumia mbinu ya Kijapani ya kuboresha kazi hatua kwa hatua, na hatua zake tano zikapewa majina ya Kiswahili: Sasambua, Seti, Safisha, Sanifisha, Shikilia. Hawakuanza kwa kununua mashine. Walianza kwa kuuliza wafanyakazi wa wodi ni kitu gani kinawapotezea muda, na kuwaachia wakiondoe.

Sasa nije kwenye pingamizi, maana najua wasomaji wa jarida hili hawakubali kitu bila kubishana.

La kwanza watasema haraka haraka haina baraka, na kwenye afya watakuwa na haki. Programu ya simu ikiharibika usiku, asubuhi inarekebishwa na hakuna aliyezikwa. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua hawezi kuwa kipande cha majaribio cha wiki mbili. Ile kauli ya vijana wa teknolojia kwamba ukosee upesi ili ujifunze upesi, tukiipeleka wodini, tutakuwa tumekosea juu ya miili ya watu ambao hawakuulizwa.

Jibu langu ni kwamba lazima tutenganishe kiini na ganda. Kiini ni kile kilichothibitishwa kuokoa maisha: kipimo cha dawa, ubaridi wa chanjo, ridhaa ya mgonjwa, siri yake. Hicho hakiguswi na kikao cha asubuhi. Ganda ni namna kinavyofikishwa: siku, mahali, foleni, ujumbe, fomu, mtu anayebisha hodi. Ganda ndilo linaloshindwa mara nyingi, na ndilo tunalolinda kana kwamba ni kiini, kwa sababu tu limeandikwa kwenye andiko la mradi.

Pingamizi la pili linatoka kwa walimu wetu wa takwimu. Ukibadilisha kitu katikati, mwisho wa siku umepima nini? Hili ni zito, na jibu lake zuri kabisa limetoka kwa wasemaji wa Kiswahili wenzetu, mashariki mwa Kongo. Wakati wa Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, Novemba 2018 yalianza majaribio ya dawa nne kwa wagonjwa, yakiongozwa kwa pamoja na taasisi ya Profesa Jean-Jacques Muyembe na wenzake wa Marekani. Vita vinaendelea, vituo vinashambuliwa, na hata hivyo kanuni zilikuwa zimeandikwa tangu mwanzo: kamati huru itatazama matokeo wakati kazi ikiendelea, na ikiona tofauti ya kiwango fulani, itasema. Agosti 2019 ikasema. Kwa dawa mbili, waliofariki ndani ya siku 28 walikuwa takriban theluthi moja. Kwa dawa nyingine mbili walikuwa takriban nusu. Hizo dhaifu zikasimamishwa hapo hapo, na wagonjwa waliofuata wakapewa zile bora. Hakuna aliyesema utafiti umeharibika. Ulibadilika kwa kanuni iliyojulikana kabla, na kila hatua iliandikwa.

Katika mlipuko huo huo, mjini Beni, ganda nalo lilibadilishwa. Katika milipuko ya nyuma ndugu walikuwa wanaogopa vituo vya matibabu kwa sababu mgonjwa aliingia nyuma ya turubai na pengine hakuonekana tena mpaka kaburini. Shirika la ALIMA likaweka vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, ndugu akasimama nje akamwona mgonjwa wake, akazungumza naye. Kanuni za kujikinga hazikulegezwa hata kidogo. Familia zilipewa tu nafasi ya kuona.

Pingamizi la tatu halisemwi sana darasani, lakini mtu yeyote aliyefanya kazi zahanati atalisema: uchovu. Zahanati nyingi za vijijini zina watumishi wawili au watatu. Muuguzi huyo huyo anazalisha, anachanja, anajaza rejista, anapokea wageni wa miradi mitatu. Ukimwongezea kikao cha kila asubuhi na fomu ya maoni, umemletea mzigo kwa jina la kumsikiliza. Wepesi usioondoa kitu mezani kwake kabla ya kuongeza haumsaidii. Kikao cha mwezi cha kituo kipo tayari. Ziara ya msimamizi kutoka wilayani ipo tayari. Tutumie hivyo.

Kwa nini nayaandika haya kwenye jarida la chama cha wanafunzi, badala ya kuyapeleka wizarani? Kwa sababu kila mwaka, wengi wetu hapa tunaandika maandiko ya utafiti tukiwa maktaba, na madirisha yamefungwa kwa baridi, kuhusu vijiji vilivyo umbali wa ndege mbili na basi moja. Miaka michache ijayo baadhi yetu tutakuwa ndio waratibu, ndio wanaosema "tusubiri tathmini ya kati". Mazoea tutakayokwenda nayo tunayapata sasa, katika maandiko haya haya ambayo mwalimu anatusifia kwa kupanga kila kitu mpaka mwezi wa mwisho.

Napendekeza mambo matatu ambayo mwanachama yeyote anaweza kuyatia kwenye andiko lake.

Kwanza, weka fungu la fedha la mabadiliko. Usiandike litabadilisha nini, maana hujui. Andika kwamba unajua hujui. Wafadhili wengine watalikata. Walikate wao, usilikate wewe kwa niaba yao.

Pili, tengeneza jedwali la ukurasa mmoja linalosema nani anaweza kubadilisha nini. Mhudumu anaweza kubadilisha siku ya kutembelea nyumba bila kumwuliza mtu. Mganga mfawidhi anaweza kupanga upya foleni. Mratibu anaweza kurekebisha swali la dodoso ndani ya siku 14. Yanayohusu kiini, ridhaa na usalama yarudi kwenye kamati ya maadili, bila mjadala. Jedwali hilo lipeleke kwenye kamati tangu siku ya kwanza, liidhinishwe pamoja na utafiti wenyewe, ili usilazimike kuomba ruhusa upya kwa kila kitu kidogo, wala usijifiche unapobadilisha.

Tatu, weka daftari la mabadiliko: tarehe, nani alilalamika, kilibadilishwa nini, kwa nini, na baada ya hapo ilikuwaje. Daftari hilo ndilo linalotofautisha utafiti na kubahatisha. Mwisho wa mradi litakuwa na thamani kuliko nusu ya majedwali yako, kwa sababu atakayekuja nyuma yako atajua ulikwama wapi.

Kama ningekuwa na vitu hivyo vitatu miaka ile, dawa ya tatizo la yule mama ilikuwa kuongeza kitufe kimoja: "tarehe haijulikani", kisha orodha fupi ya misimu, kulima, kupalilia, kuvuna ufuta, kuokota korosho. Wahenga walishasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatukujenga hata huo ukuta. Tuliandika ripoti kwamba nyumba haina mwitikio.

Nilimpigia simu kabla sijaanza kuandika makala haya, kumwomba ruhusa ya kuyasimulia. Alicheka, akaniambia mradi mwingine umekuja na kishikwambi kingine. Nikamwuliza kama hiki kinakubali msimu. "Hakikubali," akasema, "ila safari hii sijapiga simu ofisini. Nampigia nani?"

Anayeona nimekosea, toleo lijalo lina nafasi, na mhariri anasema anapokea hoja mpaka mwisho wa muhula.